TAHARIRI: Tuuze Mavuno, Tusiuze Shamba

 

Ndugu Waislamu, kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, suala moja huzuka katika nyumba zetu hapa Nakwa na Babati kwa ujumla: je, mzazi auze ekari zake ili mwanawe apate shahada? Serikali iliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, kisha ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hivyo mzigo mzito humkuta mzazi mlangoni mwa chuo kikuu.

Ubora wa elimu hauna mjadala, kwani wahyi wa mwanzo ulikuja na amri ya kusoma. Lakini elimu ni jambo moja, na cheti kinachotarajiwa kuleta ajira ni jambo jingine. Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita vijana zaidi ya 10,000 kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70. Hata kama wote wangekuwa na shahada, zaidi ya 9,900 wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Shamba nalo lina hesabu yake. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi kutoka nje, bei iliporomoka na wakulima wetu wakaumia. Hata hivyo mwenye ardhi aliweza kugeukia mahindi au alizeti msimu uliofuata. Aliyekwisha kuuza ardhi hakuwa na pa kupanda.

Wapo wanaosema: si kuna mkopo? Ni kweli, Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na imewavusha watoto wengi wa wanyonge. Kwa miaka kadhaa deni lake liliongezewa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na mwenye kuchelea riba alikuwa na haki ya kusita. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Lakini deni ni deni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye shilingi 700,000 huondokewa na 105,000 kila mwezi. Nasi twajua kwamba Mtume (s.a.w.) akiomba kinga ya Mola wake dhidi ya deni ndani ya Sala.

Je, tuviache vyuo vikuu? La hasha! Ni nani atakayewatibu mama zetu, na ni nani atakayejenga madaraja yetu? Anayetaka udaktari au uhandisi hana njia ya mkato, na kumsaidia ni faradhi ya jamii nzima. Tunayemuonya ni yule achukuaye kozi yoyote iliyobaki, mradi aitwe msomi. Huyo angepata umeme, useremala au ufundi wa magari VETA kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Wala asione haya: Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mikono yake, na Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala.

Basi, mzazi, kabla ya kutia saini ya kuuza, muulize mwanao: kozi hii itakufundisha kazi gani? Ni nani hapa Manyara anayeihitaji kazi hiyo? Ajira ikichelewa miaka mitatu, utakula nini? Akijibu vyema, uza gunia, uza hata ng'ombe. Ardhi ibaki, kwani wadogo zake nao wana haki ndani yake.

Nasi wa misikitini tusimwachie mzazi peke yake. Ekari chache za wakfu, zikilimwa kwa uaminifu, mavuno yake yaweza kumsomesha mtoto mmoja mwenye kipaji kila baada ya miaka michache, bila riba na bila kumfukarisha mtu.

Wabillahi tawfiq.