Wakili Mfukoni, Haki Saiba

Kila uchao kuna mjanja wa Westlands anazindua apu ya sheria, ati sasa wakili yuko mfukoni. Mfuko wa nani? Apu inakuambia upakie stakabadhi. Tingatinga zilipokuja Kwa Njenga 2021 kupisha barabara, wengi hawakuokoa hata sufuria.

Mageuzi ya maana yalikuja bila apu. Mahakama ya Madai Madogo ilianza mwaka huo huo: deni lisilozidi shilingi milioni 1, uamuzi ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Jirani yangu anauza nafaka. Mwenye hoteli alibeba maharagwe kwa deni, akanyamaza. Kesi si hiyo? Lakini faili inawekwa mtandaoni, kwa hivyo mama anaenda saiba, analipia kila ukurasa, na kijana wa saiba, ambaye mdai na mdaiwa kwake ni mtu mmoja, ndiye wakili wake.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wa mtaani. Basi mketisheni mmoja pale saiba, na mumlipe mshahara, si fulana na soda. Pesa zipo, tunaziona kwenye hizo sherehe za uzinduzi.

Mama bado anadai elfu 18.