Sentensi ya Kiingereza Haifundishwi kwa Kibao cha Shingoni

Kila mwezi Januari, watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali huingia Kidato cha Kwanza na kukuta Historia, Biolojia na Hisabati zimegeuka Kiingereza. Hupewa majuma machache ya kozi ya awali, kisha safari inaanza. Katika shule nyingi, atakayeteleza akasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, hupewa choo cha kusafisha, au huchapwa, kutegemea mwalimu wa zamu ameamkaje. Utaratibu huu tunauita kujenga mazingira ya Kiingereza. Ukweli ni kwamba tumeshindwa kufundisha, na tunaficha kushindwa huko nyuma ya adhabu.

Tazama, msomaji, makosa yenyewe yanayoadhibiwa. Mwanafunzi anaandika: “My father he teaches.” Mwalimu anakata kwa wino mwekundu na kupita. Lakini kosa hilo lina mantiki. Katika Kiswahili, “Baba anafundisha” haisimami bila kiambishi a- kinachomrejelea baba ndani ya kitenzi. Mtoto amekitafuta kiambishi hicho katika Kiingereza, akakiona katika “he”, akakiweka pale ambapo sarufi aliyolelewa nayo inakidai. Mwingine anaandika: “The book which I read it.” Hicho ni “kitabu nilichokisoma”, ile -ki- ya yambwa imehamia Kiingereza na kuwa “it”. Wa tatu anauliza, “You are going where?” kwa sababu “Unakwenda wapi?” haihitaji kupindua mpangilio wa maneno. Wa nne anamwita dada yake “he”, kwa kuwa a- yetu haibagui mwanamume na mwanamke.

Hawa si wajinga. Ni wanasarufi wadogo wanaotumia kanuni sahihi katika lugha isiyo yake. Mtu wa namna hiyo haponywi kwa fimbo. Anahitaji kuonyeshwa njia mbili zinapoachana.

Kuonyesha huko hakuhitaji msaada wa wafadhili. Kunahitaji ubao, chaki na ruhusa. Mwalimu aandike “Nitakuona”, aigawe: ni-ta-ku-ona. Chini yake aandike “I will see you”. Darasa litaona kwamba vipande ni vilevile vinne, ila anayeonwa amehama kutoka mbele ya kitenzi kwenda nyuma yake. Kisha aandike “Hujui” na “You do not know”, aeleze kwamba “do” hiyo haina maana ya kutenda jambo lolote. Ipo ili ukanushi upate pa kusimama. Baada ya hapo kila mwanafunzi atunge sentensi tano zake mwenyewe, zisomwe, zisahihishwe kwa sababu iliyotajwa. Somo kama hilo linamfundisha mtoto Kiingereza, na linamfundisha pia kwamba Kiswahili chake kina muundo unaostahili kuchunguzwa.

Lakini mwalimu huyo leo anafundisha akitazama mlangoni, kwa kuwa ametumia Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, na akikaguliwa ataonekana hajui kazi.

Watetezi wa marufuku hutuambia kwamba lugha hupatikana kwa kuzamishwa ndani yake. Haya, mzamishwaji yuko tayari. Maji yako wapi? Mtoto wa shule ya kata vijijini hakisikii Kiingereza sokoni, shambani, msikitini wala kanisani. Anakisikia darasani tu, na mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye alilelewa kwa kunakili maandishi ya ubaoni. Ukimkataza lugha aliyo nayo kabla hujampa nyingine, umemnyamazisha. Ndiyo maana madarasa yetu ni matulivu mno. Utulivu huo wakaguzi huuita nidhamu.

Wengine husema kwamba wazazi wenyewe wanadai Kiingereza. Ni kweli, na wana haki. Wanajua mahojiano ya kazi hufanywa kwa lugha gani. Hoja yao, hata hivyo, inadai Kiingereza kifundishwe vizuri. Haikudai mtoto afeli Biolojia akiwa anaijua kazi ya moyo, kwa sababu tu hakuweza kuijengea sentensi.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatoa nafasi kwa lugha zote mbili. Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu Makweta, na kibao bado kinaning’inia shingoni.

Mjadala wa lugha ya kufundishia utaendelea, na msimamo wangu ni kwamba Kiswahili kipewe nafasi yake hadi chuo kikuu. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji kuusubiri. Adhabu za kusema Kiswahili zifutwe kwa waraka ulio wazi, na mkuu wa shule atakayeziendeleza awajibishwe. Muhtasari wa Kiingereza umruhusu mwalimu kulinganisha miundo ya lugha hizi mbili, tena umtake afanye hivyo. Vyuo vya ualimu vimfundishe kila mwalimu mtarajiwa wa Kiingereza sarufi ya Kiswahili, kwa maana hataelewa kosa asilojua limetoka wapi. Mitihani nayo ipunguze kujaza nafasi zilizoachwa wazi na iongeze kuandika, kwa sababu kinachopimwa ndicho kinachofundishwa.

Kwa wanafunzi wanaonisoma: ulizeni kwa nini sentensi yenu ni kosa, na msikubali jibu la “ndivyo ilivyo”. Kwa watumishi wa umma wenye kalamu ya kuandika nyaraka: haya niliyoyataja hayahitaji kifungu kipya cha bajeti. Yanahitaji sahihi ya mtu mmoja. Asipoitia, basi na aseme wazi kwamba kinachotakiwa si mtoto ajue Kiingereza, bali aonekane akikiogopa.