Ugali Haukuanza na Mahindi
Makala iliyodai kwamba ugali ni mabaki ya ukoloni, eti kwa kuwa mahindi asili yake ni Meksiko, imechanganya nafaka na mapishi. Ni kweli mahindi yalivuka Atlantiki baada ya 1492. Lakini mtama ulilimwa Sudan maelfu ya miaka kabla ya hapo, na ulezi, yaani wimbi, ni zao la nyanda za juu za Afrika Mashariki. Unga wa nafaka hizo husongwa vilevile hadi leo, Dodoma kwa mtama, Kisii kwa wimbi: maji yachemke, unga utiwe, mwiko ukandamize mpaka ushikane. Mtetezi wa makala atasema sembe ndiyo inayotawala sasa. Sawa, lakini ilikuta chungu kiko jikoni na mpishi anajua kusonga. Ugali ni wetu. Tuule bila haya, na mtama turudishe shambani.