Gari Lako, Ajali ya Nani?

Chalinze ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro inaachana hapo na ile ya kwenda Segera, Tanga na Arusha, kwa hiyo malori, mabasi na magari madogo yanapita usiku na mchana. Sisi tuliokulia huko tunazijua ajali kuliko tunavyoijua sheria yake. Na ikitokea kwamba aliyeendesha si mwenye gari, utasikia kauli mbili. Watu watasema, "Gari lake, atalipa mwenyewe." Mwenye gari atasema, "Mimi nilikuwa nimelala, hainihusu." Kila kauli ina nusu ya ukweli, na ile nusu iliyokosekana ndiyo inayofilisi watu.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja mjane aliyekuwa na Noah ya biashara. Usiku mmoja mtoto wa kaka yake, kijana asiye na leseni, alichukua ufunguo ulipotundikwa akaenda nao disko. Akarudi na kesi: amemgonga kijana wa bodaboda, mguu umevunjika mara mbili. Kesho yake asubuhi kikao kilikaa. Hakuna aliyeuliza kama yule mama alimruhusu, wala aliyeuliza bima inasemaje. Waliuliza ana kiwanja wapi. Akauza kiwanja. Pesa zikaishia kwenye matibabu ya miezi michache, na yule wa bodaboda mpaka leo hafanyi kazi. Yaani mama amepoteza, na majeruhi naye hajapona wala hajalipwa kinachomtosha. Kikao cha namna hiyo tunakiita busara, lakini tusidanganyane: hakuna aliyetoka pale akiwa amepata haki.

Sheria ingeuliza nini? Kwanza ingetenganisha jinai na madai, vitu ambavyo mtaani tunavichanganya kama maharage na mahindi. Kwenye jinai, kosa la kuendesha kwa uzembe na kujeruhi au kuua ni la aliyeshika usukani. Huendi jela kwa sababu kadi ya gari ina jina lako. Lakini mwenye gari ana makosa yake mwenyewe yanayoweza kumfikisha mahakamani. Ukimruhusu mtu asiye na leseni aendeshe, umekosa wewe. Ukiruhusu gari liingie barabarani bila bima, umekosa wewe, maana Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamkamata anayetumia gari na anayeruhusu litumike. Na polisi wakitaka kujua nani alikuwa anaendesha, mwenye gari anapaswa kusema. Kumficha mtoto wa kaka kwa sababu ni damu yako ni kujiingiza mwenyewe. Tena, kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Familia mbili zikisuluhishana chini ya mwembe, hilo peke yake haliifuti.

Upande wa madai, yaani fidia, ndipo penye mambo. Kanuni zetu nyingi hapa tulizirithi kutoka mahakama za Uingereza, na mahakama za huku zimeendelea kuzitumia. Mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa juu ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliamua kesi ya Karisa dhidi ya Solanki. Msimamo wake kwa lugha yetu ni huu: gari likisababisha madhara kwa uzembe, na hakuna ushahidi wa kupinga, mahakama itachukulia kwamba aliyeendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa matendo yake. Kwa hiyo wale wa "gari lake, atalipa" wana pa kuanzia. Ila hapo ni mwanzo tu. Mwenye gari anaweza kuleta ushahidi na kuiondoa dhana hiyo.

Ushahidi gani? Maswali ni mawili. Aliyeendesha alikuwa na ruhusa yako? Na alikuwa kwenye shughuli ya nani? Watu wengi wanaishia kwenye swali la kwanza, kumbe la pili ndilo zito. Mwaka 1953 mahakama ya Uingereza ilimwajibisha mwenye gari aliyemwomba rafiki yake ampelekee gari Monte Carlo, kwa sababu safari ile ilikuwa kwa faida ya mwenye gari pia. Lakini mwaka 1972, katika kesi ya Morgans dhidi ya Launchbury, mke mwenye gari hakuwajibishwa. Mumewe alilichukua kwenda kunywa, akalewa, akampa mtu mwingine aendeshe, ikatokea ajali mbaya. Majaji walisema safari ile haikuwa shughuli ya mke. Ruhusa peke yake haikutosha kumfunga.

Sasa irudishe Chalinze. Umempa jirani gari ampeleke mgonjwa wake Tumbi: hiyo ni shughuli yake, si yako. Umemtuma huyo huyo akuletee mifuko ya saruji kutoka Lugoba: hapo ni wewe unaendesha kwa mikono yake. Gari moja, dereva mmoja, barabara moja, majibu mawili. Na yule mama wa Noah? Hakuruhusu, na disko haikuwa shughuli yake. Angekuwa na hoja nzito ya kusimama nayo mbele ya hakimu. Aliyestahili kudaiwa ni kijana, hata kama hana kitu.

Ugumu unakuja kwenye malori. Pale stendi ni kawaida kumwona utingo akisogeza lori wakati dereva anakula ugali. Akigonga mtu, tajiri atasema, "Huyu nilimwajiri kufunga turubai, sikumwajiri kuendesha." Ni hoja ya kweli, mahakama za Uingereza ziliikubali tangu mwaka 1900 kwa kondakta aliyejitia kuendesha basi. Lakini dereva mwenyewe ndiye aliyeachia ufunguo, na kulinda lori ni sehemu ya kazi yake. Uzembe wa dereva kumwachia usukani mtu asiyefaa unamrudia tajiri. Mwaka 1963, katika kesi ya Ilkiw dhidi ya Samuels, mwajiri alibanwa kwa njia hiyo hiyo. Matajiri wa malori wanaodhani utingo ni ngao yao wajifikirie upya.

Kuna kundi jingine linaloumia kimyakimya: waliouza. Hapa chuoni kwetu kuna watu wamenunua na kuuza pikipiki kwa karatasi ya kuandikiana tu, kadi haijabadilishwa jina TRA. Pikipiki ikiua mtu Mbwewe, jina litakalosomwa ni la muuzaji. Anaweza kujitoa, ndiyo, kama ile karatasi bado ipo, na mashahidi bado wapo, na mnunuzi bado anapatikana. Hizo "kama" tatu ni ghali kuliko gharama ya kubadilisha kadi.

Mpaka hapa nimemtetea mwenye gari, na sioni aibu. Kumlipisha mtu kosa asilolifanya, kwa sababu tu ndiye mwenye mali, si haki. Lakini mwenye gari akishatoka, nani anabaki na yule mwenye mguu uliovunjika? Bima ya mtu wa tatu ililetwa kwa ajili yake, ila inabeba dhima ya watu ambao mkataba unawatambua. Dereva akiwa ni aliyelichukua gari kwa kuiba ufunguo, kampuni ina sababu ya kukataa. Majeruhi anabaki na hukumu dhidi ya kijana asiye na hata baiskeli. Sheria imemtendea haki mwenye gari na kumwacha majeruhi barabarani.

Hilo halitibiwi kwa kikao cha kuuza kiwanja cha mjane. Linatibiwa na Bunge. Hata wale majaji wa 1972 walisema kupanua wajibu wa mwenye gari si kazi ya mahakama, kwa sababu kunagusa mfumo mzima wa bima. Waingereza tangu mwaka 1946 wana chombo cha kampuni za bima kinachowalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima au yaliyokimbia. Afrika Kusini wana mfuko unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta. Sisi tunaweza kuchagua njia yetu, lakini kanuni iwe moja: aliyegongwa asilipwe au kukosa kulipwa kutegemea nani aliiba ufunguo wa nani.

Na sisi wa elimu tuna sehemu yetu. Kidato cha kwanza tulisoma usalama barabarani kwenye Uraia: alama, kivuko, kuangalia kulia na kushoto. Vizuri. Lakini mwanafunzi wa Msata au Mdaula anakuwa dereva wa bodaboda ya mtu mwingine kabla hajafika kidato cha sita. Anahitaji kujua pia nani anawajibika, bima inabeba nini, na kwamba kudai fidia ya uzembe kuna ukomo wa miaka 3. Somo hilo halihitaji maabara. Linahitaji mwalimu anayelijua.

Kabla Bunge halijafika huko, ukichukuliwa gari bila ruhusa, nenda polisi saa hiyo hiyo, usisubiri lirudi. Ukiuza, badilisha kadi. Ukiazimisha, ona leseni kwanza, hata kama anayeomba ni mtoto wa mjomba. Akinuna, mwache anune.