Wazazi wenzetu, tusiwaachie mashimo watoto wetu

Tangu 2019 serikali ilisema shule ya msingi ni bure. Lakini sekondari bado tunalipa, na ndipo vijana wetu wanakwama. Kijana wa miaka 13 anaacha kalamu, anashika nyundo. Sheria ya madini inatoa karti ya mchimbaji kwa mtu mzima tu. Tunaijua, lakini tunafumba macho juu ya njaa.

Kuko watu Uganda, karibu na Mbale, wanaitwa Abayudaya. Ni wakulima, si matajiri. Walianza kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na Semei Kakungulu. Idi Amin alipoikataza dini yao miaka ya 1970, wengi waliiacha. Wachache walioshikilia walisali kwa siri na kufundisha watoto nyumbani. Leo wako na shule ya msingi na ya sekondari, na watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wanasoma humo pia.

Kwa Wayahudi, kijana akifika miaka 13 anasimama mbele ya wote na kusoma Tora. Kuanzia hapo anajibu mwenyewe kwa matendo yake. Na usiku wa Pasaka, mtoto mdogo ndiye anauliza maswali, wakubwa wanamueleza utumwa wa Misri na namna babu zao walitoka.

Sisi wa Mutarule tuko pia na usiku wetu, ule wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 walipouawa. Watoto wakiuliza, tunawajibu nini? Tukinyamaza, mwenye bunduki atawaeleza kwa namna yake, kisha atawapa bunduki.

Hatuombi mtu abadili dini. Tunaomba kila nyumba itenge saa moja kwa juma. Baba afundishe kusoma mizani, kuhesabu gramu na kutambua shimo linalotaka kuanguka. Mama afundishe hesabu ya deni, na kusoma karatasi mbele ya kutia sahihi. Wote wawili waeleze yaliyotupata, bila kupanda chuki juu ya kabila lolote.

Na kila ekipi ya shimo iweke kidogo pembeni kwa minerval ya sekondari. Sisi wa sendika tuko tayari kukaa na komite za wazazi. Tuanze na kazi moja: tuhesabu vijana wetu wa miaka 13, wangapi wako darasani, wangapi wako shimoni.