Lori lisilojaa humkata mkulima

Siku ya Krismasi mwaka 2009, kituo cha televisheni cha Fox cha Marekani kilirusha mfululizo sehemu kadhaa za 'Til Death, kichekesho ambacho watazamaji walikwishakikimbia. Za msimu wa tatu zilichanganywa na za msimu wa nne. Ilionekana kama ratiba ya mlevi.

Hesabu yake ilikuwa timamu. Sony, iliyokitengeneza, iliipunguzia Fox bei ili kiendelee. Faida iliyolengwa ni kuuza marudio kwa vituo vingine, ambavyo hutaka shehena kubwa, kwa desturi sehemu zinazokaribia 100, ili virushe kila siku bila kuishiwa. Fox nayo ilizipanga sehemu hizo za bei nafuu katika saa ambazo hazingeiharibia biashara ya matangazo. Kichekesho kilikoma mwaka 2010 kikiwa na sehemu 81.

Kumbe mzigo wa mwisho, hata usiopendwa, una thamani kwa sababu ndio unaojaza shehena.

Mkulima wa Gendabi, wilayani Hanang, anapouza magunia mawili ya mahindi leo na jirani yake matatu kesho, anayejaza lori ni mlanguzi. Gharama za kuzunguka huzikata kwenye bei ya mkulima, na lumbesa juu yake. Wakulima wakikusanya ghala moja mpaka lori lijae, ndipo wamwite mnunuzi, fedha hiyo itabaki kijijini. Chama cha msingi kisichoweza hilo kina kazi gani?