Wanaotuma fedha wapewe pia kura
Katika vijiji vingi, mbolea, mbegu na hata ng'ombe wa maziwa hununuliwa kwa fedha za jamaa walio ughaibuni. Mwaka 2024, Wakenya hao walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kiasi kinachozidi mapato ya chai.

Hata hivyo, katika uchaguzi mkuu wa 2022 walipiga kura katika mataifa 12 pekee, tena ya urais tu. Saudi Arabia, wanakofanya kazi maelfu ya vijana wetu, haikuwemo.

Kilio chao ni cha miaka mingi, na Katiba ya 2010 inawatambua. IEBC haina budi kuongeza vituo kabla ya uchaguzi wa 2027. Nawe mkulima unayetegemea fedha hizo, muulize mbunge wako msimamo wake.